AKIBA YA UMEME: NI YA NANI, NA KWA GHARAMA YA NANI?

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Neno hili tumelisikia tangu utoto wetu, na kila jamaa yenye busara hulishika. Mkulima ajazaye ghala lake baada ya mavuno hatumwiti mchoyo. Twamwita baba mwema, kwani ajua ya kuwa miezi ya njaa yaja, na ya kuwa watoto wake hawatashiba maneno. Lakini wahenga hao hawakusema ya kuwa kila akiba ni halali. Mtu mmoja aweza kulijaza ghala lake kwa jasho lake mwenyewe, na mwingine aweza kulijaza kwa mahindi ya mjane. Ukiyatazama maghala hayo mawili kwa nje, yafanana.

Juma hili twataka kuwaalika wasomaji wetu watafakari pamoja nasi juu ya akiba ya namna mpya ambayo babu zetu hawakuijua, nayo ni akiba ya umeme. Mwezi wa Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, na shabaha waliyowekewa mbele yao ilikuwa kuwafikishia umeme watu milioni 300 wa bara hili kabla ya mwaka 2030 kupita. Shabaha hii ni njema, na haja yake ni kubwa. Maana kusini mwa Sahara wako watu wapatao milioni 600 wasio na umeme nyumbani mwao. Wengi wao, hasa wale wakaao mbali na nguzo na nyaya, wataupata kwa nguvu ya jua. Lakini umeme wa jua pasipo akiba ni taa iwakayo mchana.

Tuanze basi na jambo lenyewe, ili tusije tukahukumu tusilolielewa.

Umeme una tabia moja isiyo ya mahindi wala ya mafuta ya taa. Katika gridi ya taifa, umeme uzalishwao sasa hauna budi kutumika sasa. Watu wakihitaji kuliko mitambo inavyotoa, mwendo wa mitambo yote hupungua kwa pamoja. Na upungufu ukizidi, gridi nzima yaweza kuzimika. Zamani dawa ilikuwa nyepesi: fundi aliongeza makaa, au mafuta, au gesi. Jua, lakini, halipokei amri ya fundi, wala upepo haungoji saa ya mezani. Saa moja jioni, jamaa zote ziwashapo taa na kutayarisha chakula, ndipo jua limekwisha kuchwa. Na mara nyingi upepo huvuma kwa nguvu usiku wa manane, watu wote wamelala. Ndugu zetu wa Kenya wayajua haya. Katika kituo cha upepo cha Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, chenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ziko saa za usiku ambazo umeme uwezao kupatikana haupokelewi wote, kwa kuwa watumiaji ni wachache. Ni kama maziwa yanayomwagwa huku mtoto wa jirani analala na njaa.

Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta njia za kuweka akiba. Njia kongwe ni maji. Watanzania wamekwisha kuizoea, ingawa pengine hawakuiita kwa jina hilo: Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980, huyatunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu. Na mwaka 2006, ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa yetu, sote tulionja mgawo mkali wa umeme, tukajua maana ya ghala tupu. Huko Dinorwig, katika nchi ya Wales, tangu mwaka 1984 wanayo mabwawa mawili, moja juu ya mlima na jingine chini yake. Umeme ukizidi usiku, pampu huyapandisha maji. Watu wakiuhitaji, maji huachiwa yashuke, na kwa muda usiofika nusu dakika mitambo ile hutoa nguvu kubwa. Katika safari hiyo ya kupanda na kushuka, karibu robo ya umeme hupotea. Akiba haipatikani bure.

Njia ya pili ni betri. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha nguzo za umeme katika jimbo la South Australia, na karibu jimbo lote likawa gizani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, ilianza kazi huko Hornsdale betri kubwa yenye uwezo wa megawati 100, iwezayo kujibu upungufu wa gridi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Betri hiyo ni ya lithiamu, namna ile ile iliyomo ndani ya simu zetu za mkononi. Kwa kazi ya kuivumbua, wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Bei ya betri za namna hii imeshuka kwa kadiri ya sehemu nane au tisa katika kumi tangu mwaka 2010. Zilizokuwa anasa ya matajiri sasa zaingia vijijini.

Hapa twasikia mtu akituuliza: "Haya ni mambo ya mafundi. Ninyi wenye kuandika gazeti la Kanisa, yawahusu nini?" Swali hili si la upuzi, nasi twalijibu. Fundi ndiye ajuaye namna ya kuhifadhi umeme, na katika hilo hatuna la kumfundisha. Lakini uhifadhiwe kwa ajili ya nani, na nani alipe gharama yake, hilo si swali la fundi peke yake. Ni swali la kila mwenye dhamiri. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 iitwayo Laudato si', alitaja ya kuwa dunia bado yahitaji njia za kutosha za kuhifadhi nishati. Hakuona haya kulitia jambo la betri katika barua ihusuyo maskini na viumbe vya Mungu. Kwa nini sisi tuone haya?

Basi swali letu ni hili: Je, akiba ya umeme ni njema kwa sababu tu yaleta mwanga? Sisi twajibu, La. Mwanga ni mwema, lakini wema wa matokeo hauoshi ubaya wa njia. Twaona ya kuwa akiba yoyote, iwe ya nafaka au ya umeme, ni ya haki ikiwa yaweza kujibu maswali matatu. Imetoka wapi? Ufunguo wake u mkononi mwa nani? Na ikiisha kufa, yazikwa penye mlango wa nani?

Tuchukue la kwanza. Betri nyingi za lithiamu, hasa za simu na za magari, zahitaji madini yaitwayo kobalti, na sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia hutoka nchini Kongo, katika mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu. Huko ndiko Kolwezi, mji wa watu wasemao Kiswahili kama sisi. Mwezi wa Januari 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la Kiafrika liitwalo Afrewatch, walitoa taarifa juu ya wachimbaji wadogo wa nchi hiyo. Walikuta watoto, wengine wa umri wa miaka saba tu, wakiokota, wakiosha na kuchagua mawe ya kobalti, kwa ujira wa faranga elfu moja au mbili za Kongo kwa siku. Mtoto wa miaka saba, wasomaji wetu, ndiye yule tumpelekaye darasa la kwanza akiwa ameshika daftari.

Yatupasa kuinena kweli yote. Sehemu kubwa ya kobalti ya Kongo huchimbwa na makampuni makubwa kwa mashine, si kwa mikono ya watoto. Tena, betri nyingi kubwa ziwekwazo sasa katika gridi ni za namna nyingine ya lithiamu, yenye chuma na fosfati, isiyo na kobalti kabisa. Basi yuko atakayesema, "Shauri limekwisha, tununue zile zisizo na kobalti, na mikono yetu itakuwa safi."

Hatusadiki ya kuwa limekwisha. Kwanza, kobalti ikiachwa kesho, baba wa jamaa wa Kolwezi aliyekuwa akipata mkate wake mgodini ataukosa, na mtoto wake hatarudi shuleni kwa sababu sisi tumehama duka. Kukimbia dhuluma si sawa na kuiondoa. Pili, lithiamu nayo yachimbwa mahali fulani, na shaba yachimbwa, na kila mahali yachimbwapo madini yupo mtu mwenye koleo. Mabadiliko ya madini yaweza kupunguza hatari, nasi twayapokea kwa furaha. Lakini haki haizaliwi na kemia. Huzaliwa na watu wanaomwuliza muuzaji, na serikali inayomwuliza mchimbishaji: Ni nani aliyelitoa jiwe hili ardhini, na alilipwa nini?

Tuje kwa swali la pili, yaani la ufunguo. Kila Mkristo akumbuka habari za Yusufu huko Misri. Aliweka akiba miaka saba ya shibe, na njaa ilipokuja akayafungua maghala, watu wakaishi. Twazoea kuisoma habari hiyo mpaka hapo, kisha twafunga kitabu. Lakini Kitabu cha Mwanzo chaendelea. Chatuambia ya kuwa watu wa Misri walinunua nafaka kwa fedha zao mpaka zikaisha. Wakatoa mifugo yao mpaka ikaisha. Mwishowe wakatoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Ghala lililowaokoa na kifo ndilo lililowaondolea uhuru. Hatusemi haya kumshutumu Yusufu. Twayasema ili tuone ya kuwa mwenye ufunguo wa akiba, wakati wa haja, ana enzi kubwa juu ya ndugu yake, hata kama moyo wake ni mwema.

Jambo hili si la kale tu. Katika nchi zetu, jamaa nyingi zisizo na fedha ya mkupuo zimeuziwa taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo, yapelekwayo kwa simu kila siku au kila juma. Tusiidharau biashara hii. Pasipo mkopo huo maelfu ya watoto wangali wakisomea kibatari na kuvuta moshi wake. Walakini vifaa vingi vya namna hiyo vina kufuli isiyoonekana. Siku ya malipo ikipita, kampuni hukizima kifaa kwa mbali. Jua limewaka mchana kutwa juu ya bati la nyumba, betri imejaa, na mama akaa gizani akiitazama.

Je, kampuni imemdhulumu? Hatuwezi kujibu kwa neno moja. Mwenye kukopesha ana haki ya kulipwa, na mwenye kukopa ana wajibu wa kulipa. Asiyelipa kwa uvivu au kwa ujanja amwibia mwenzake. Lakini haki ya kulipwa si haki isiyo na mpaka. Mkopeshaji mwaminifu hutaja bei yote tangu siku ya kwanza, si kile kidogo cha kila siku tu kinachoficha jumla. Huweka siku za kumvumilia mtu aliyepatwa na msiba au ugonjwa. Na deni likiisha, huitoa ile kufuli, kifaa kikawa mali ya mnunuzi kweli kweli. Mkopo usio na mambo haya matatu waelekea kule walikofika watu wa Misri, ingawa waenda polepole.

Kadhalika na akiba kubwa za taifa. Siku ghala la umeme likiwa na kidogo, nani apate kwanza? Twasema bila kusita: jokofu la chanjo katika zahanati, chumba cha kujifungulia, mgonjwa avutaye pumzi kwa mashine, pampu ya maji ya mji. Baada ya hao ndipo waje wenye viwanda, na majumba, na mabango ya biashara yawakayo usiku kucha. Mpango wa namna hii hauna budi kuandikwa mapema na kujulikana na wote. Ukingojwa mpaka siku ya giza, atakayepata ni yule mwenye rafiki katika ofisi ya umeme.

Swali la tatu ndilo tunalolisahau upesi kuliko yote. Kila betri hufa. Ile ya lithiamu yaweza kudumu miaka kumi na zaidi. Ile ya risasi na asidi, itumikayo bado katika magari na katika nyumba nyingi zenye sola, hufa mapema zaidi. Tunapoibadilisha, mnunuzi wa vyuma chakavu huipokea, hutupa shilingi chache, nasi hatuulizi yaenda wapi.

Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa maskini huko Mombasa, wajua ilikokwenda. Kando ya nyumba zao kilifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri zilizokwisha, kuanzia mwaka 2007 hata 2014. Moshi na maji yake vilieneza sumu. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto huudhuru ubongo wake, na dhara hilo halirudi nyuma. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mchanga akiugua, kumbe sumu ilipita katika maziwa ya mama. Akawakusanya majirani, akaandamana, akatiwa mbaroni, asinyamaze. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Fedha zaweza kununua dawa. Lakini hakuna mahakama iwezayo kumrudishia mtoto akili aliyopokonywa akiwa bado anyonya.

Yatupasa kukiri jambo zito. Betri zilizoyeyushwa huko hazikuwa za watu wabaya. Zilikuwa za waendesha magari wa kawaida, watu wema, walioiuza betri mbovu, wakaitia kibindoni shilingi yao, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumdhuru mtoto wa Owino Uhuru. Hapa ndipo ulipo ugumu wa maadili ya zama zetu: uovu waweza kutendeka kwa mikono elfu, na kila mkono ukasema, "Mimi sikutenda." Jibu letu ni kwamba asiyekusudia hana hatia sawa na aliyekusudia, lakini aliyeweza kujua, akachagua asijue, hawezi kusema ya kuwa hana hatia kabisa.

Twajua litakalosemwa dhidi yetu, na ni neno lenye nguvu. "Ninyi mwasema nini juu ya Kolwezi na Mombasa, na mama wa kijijini anajifungua kwa mwanga wa tochi ya simu? Maskini hana nafasi ya kuchagua. Mataifa tajiri yamejijenga kwa makaa na mafuta bila kuulizwa lolote. Leo twataka taa moja, nanyi mwatuletea maswali matatu."

Neno hili latuchoma, na kwa sehemu ni kweli. Kwa hiyo hatusemi, wala hatutasema, ya kuwa mama huyo angoje mpaka dunia iwe safi. Awashe taa yake leo. Mzigo wa maswali haya haumwangukii kila mtu kwa kipimo kimoja. Humwangukia kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Serikali yenye kutoa leseni, kampuni yenye kuagiza betri kwa maelfu, shirika lenye kutoa mkopo, hao ndio wa kwanza kuulizwa. Wenye fedha ya kuchagua ni wa pili. Mama wa kijijini ni wa mwisho. Lakini tusisahau ya kuwa mtoto wa Kolwezi na mtoto wa Owino Uhuru nao ni maskini. Anayenyamazisha maswali haya kwa jina la maskini hana budi kutuambia ni maskini yupi.

Basi jamaa zetu zifanye nini? Twataja machache yaliyo katika uwezo wa wengi. Ukinunua kifaa cha sola, uliza bei yote, na uliza kama muuzaji ataipokea betri itakapokufa. Wauzaji wakiulizwa na watu mia, watatafuta jibu. Betri iliyokufa usiipasue nyumbani, usimwage asidi yake kisimani au shambani, wala usiwaachie watoto wachezee risasi yake. Parokia, shule na zahanati zenye betri nyingi zisiziuze kwa mpita njia, bali zifanye mapatano na wakusanyaji wenye kibali. Na ikiwa nyumba yako ina mwanga na ya jirani haina, mwachie mtoto wake meza ya kusomea jioni. Umeme uliohifadhiwa hupungua kidogo kidogo hata usipotumika. Hasara gani basi kuugawa?

Wahenga hawakukosea waliposema ya kuwa akiba haiozi. Walikuwa wakinena juu ya ghala ambalo kila mtu kijijini alijua shamba lililotoa nafaka yake, na nani aliyeshika ufunguo. Ghala letu la leo ni refu mno. Mlango mmoja u Lualaba, mwingine u nyumbani kwetu, na wa nyuma wafungukia Owino Uhuru. Haidhuru liwe refu, maadamu tukubali kuitembelea milango yote mitatu, hata ile ambayo hatupendi kuitazama.